Ukipewa basi la umeme, la zamani lazima litobolewe injini

Anayeishi Changamwe, Mikindani au Miritini hahitaji kuelezwa moshi wa dizeli ni nini. Anaufuta mezani kila asubuhi. Basi tukisikia kuna serikali inayolipa ili magari makuukuu yatoke barabarani, ni haki yetu kuuliza: pesa hizo anapewa nani, na lile gari la zamani linaenda wapi?

Serikali yenyewe ni ya Marekani. Sheria aliyotia sahihi Rais Joe Biden Agosti 2022 ilitenga dola bilioni 1 kwa kazi hiyo, zisimamiwe na EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira. Magari yanayohusika ni yale ambayo uzito wake pamoja na mzigo ni kati ya tani 9 na 15 hivi: mabasi ya shule, magari ya taka, malori ya kusambaza bidhaa. Matrela makubwa kama haya yetu ya bandarini hayamo. Bandari zao zilipata fungu lao, dola bilioni 3. Gari jipya lazima liwe la betri au la hidrojeni.

Mwenye lori lake moja asijisumbue kuandika barua. Walioruhusiwa kuomba walikuwa majimbo, manispaa, mamlaka za makabila ya Wenyeji wa Marekani, na vyama vya usafiri wa shule visivyotafuta faida. Mtu binafsi hufikiwa kupitia hao, akifikiwa. Zuri ni kwamba ruzuku haiishii kwenye gari: inalipia pia vituo vya kuchajia na mafunzo ya madereva na mafundi. Gari la umeme bila fundi anayelijua ni pambo la yadi.

Sasa lile la zamani. Kama injini yake ni ya mwaka 2010 au kabla, haliuzwi wala halitolewi sadaka. Linauawa. Injini inatobolewa tundu la inchi 3, na chesisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima, inakatwa vipande viwili. Injini za 2011 na kuendelea zinaweza kuuzwa, kwa kuwa zilitengenezwa chini ya masharti makali zaidi ya moshi.

Kwa fundi wa kwetu huo ni ukatili. Injini inayowaka, uitoboe? Lakini fikiria wasingefanya hivyo: basi lingevuka tu hadi mji wa pili, na watoto wa huko wangevuta moshi uleule. Kwetu hayo hayangefika hata hivyo, maana usukani wake uko kushoto na Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Ila yetu wenyewe hayafi. Likichoka njia ya Nairobi, lori huhamia kubeba mchanga na mawe vijijini, na moshi wake huenda nalo.

Desemba 2024 EPA ilitangaza zaidi ya dola milioni 735 kwa waombaji wapatao 70, za kununulia magari zaidi ya 2,400. Kisha Julai 2025, chini ya Rais Donald Trump, sheria nyengine ikafuta fedha zote za mpango huo ambazo hazikuwa zimefungwa kwenye mikataba.