Uhuru wa Ukaguzi katika Halmashauri za Tanzania

Ibara ya 143 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inamkinga Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: katika kazi yake halazimiki kufuata amri ya mtu au idara yoyote. Kinga hiyo haimfikii mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Huyu hufanya kazi chini ya Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye afisa masuuli wa malipo yale yale yanayokaguliwa. Hata fedha za kumfikisha kata za mbali hutegemea idhini yake.

Udhaifu huo una uzito kwa sababu ukaguzi wa nje huchelewa kwa maumbile yake. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na ripoti humfikia Rais mwishoni mwa Machi unaofuata, kabla ya kuwasilishwa bungeni. Katika miezi hiyo tisa, kikundi kilichokopeshwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani (nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu) huweza kuwa kimekwisha kusambaratika. Serikali ilisitisha utaratibu wa mikopo hiyo Aprili 2023, baada ya ripoti za ukaguzi kuanika marejesho hafifu na vikundi hewa.

Hati inayoridhisha, ambayo madiwani huishangilia, haijibu hoja hii. Hati hupima usahihi wa taarifa za fedha, na deni lisilolipika huweza kuandikwa vitabuni kwa usahihi kamili.