Nambari ya Mwanafunzi Isiwe Ufunguo

"Mjomba, darasa zima linajua kwamba nimeanguka Uhasibu."

Mpwa wangu, anayeishi Kangemi na kusomea chuo kimoja katikati ya jiji la Nairobi, hakuwa amemwonyesha mtu yeyote alama zake. Nilimwomba aufungue ukurasa wa matokeo katika simu yake. Anwani yake ilimalizikia kwa nambari yake ya usajili. Alipobadilisha tarakimu ya mwisho tu, tukaletewa alama za kijana mwingine, pamoja na jina lake kamili. Nilimwambia aufunge ukurasa huo upesi, nami nikaona haya kwa kuwa tayari nilikuwa nimeshazisoma.

Waliounda tovuti hiyo walifuata desturi tuliyolelewa nayo sote. Nambari ya mtahiniwa wa KCSE ina tarakimu 11: nane za mwanzo hutambulisha shule, tatu za mwisho humtambulisha mtahiniwa. Kwa kazi ya kupanga madawati na karatasi, huo ni utaratibu mzuri. Lakini ajuaye nambari ya mmoja anaweza kuzibuni za wenzake wote. Ubaya huanza pale nambari ya kupangia inapogeuzwa ufunguo wa kufungulia.

Kwa mwanaisimu, jambo hili lina mvuto wake. Lugha huishi kwa kubashirika. Nikitamka "haba na haba", wanafunzi wangu hunimalizia kabla sijafunga kinywa. Jina la Otieno humwarifu Mjaluo kwamba mwenyewe alizaliwa usiku. Nambari ya kulindia rekodi yapasa kuwa kinyume cha haya: jina lisilo na nasaba, lisilotaja shule, mwaka wala zamu.

Waandaaji wa programu za tarakilishi wanayo nambari ya namna hiyo, iitwayo UUID. Ina biti 128, yaani nafasi 128 za sifuri au moja, na katika aina yake ya nne biti 122 huchaguliwa kwa nasibu, mithili ya kurusha sarafu mara 122. Hata zikitolewa bilioni moja kila sekunde, ingechukua takriban miaka 86 kabla ya uwezekano wa mbili kufanana kufikia nusu.

Sharti nasibu hiyo iwe ya kweli. Mwaka wa 1995, Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walionyesha kwamba programu ya Netscape ilizitunga nambari zake za siri kutokana na saa na nambari chache za ndani ya mashine. Aliyeweza kuyakisia hayo aliweza kuikokotoa siri yenyewe.

Hata hivyo, nambari isiyobashirika si askari mlangoni. Anwani hupitishwa kwa WhatsApp. Husahaulika katika tarakilishi za saiba. Hivyo mfumo lazima pia umtambue anayeuliza, na uhakikishe kwamba rekodi ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ulinzi uzingatiwe tangu mfumo unapobuniwa.

Haya yote niliyaandika katika barua. Jumatatu tukashuka mjini kwa matatu kupitia Barabara ya Waiyaki. Karani aliipokea barua, akaisoma kwa utaratibu hadi mwisho, kisha akamwomba mpwa wangu, mbele ya foleni nzima, aitaje nambari yake ya usajili kwa sauti.