Usipoziba Ufa



Simu inapotuarifu kuwa programu mpya iko tayari, wengi wetu hugusa neno "baadaye" na kuendelea na shughuli zetu. Nami, ingawa hujinasibu kuwa mpenzi wa kompyuta, nilikuwa na mazoea hayo kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza kwa nini hiyo "baadaye" huweza kuwa na gharama kubwa.

Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilienea duniani kwa muda wa saa chache, ikaingia katika kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150. Ilifunga mafaili kwa maandishi ya siri, kisha ikadai dola 300 ili kuyafungua. Hapa Uingereza hospitali nyingi ziliathirika, baadhi zikalazimika kuwaelekeza kwingine wagonjwa wa dharura, na inakadiriwa kuwa miadi ipatayo 19,000 ilivunjwa. Ilizuiwa na kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, aliyegundua kuwa programu ile ilikuwa ikiulizia anwani fulani ya mtandao isiyo na mwenyewe. Alipoisajili anwani hiyo, uenezi ukakoma.

La kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwepo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa ule tangu tarehe 14 Machi 2017, takriban miezi miwili kabla. Mashine zilizoingiliwa ni zile ambazo hazikutiwa kiraka, au zilizozeeka mno. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo, si kila mwizi hupita ufani. Wengine hubisha hodi, nasi tukawafungulia. Mama yangu mdogo, ambaye naye anaishi ughaibuni, siku moja alipata ujumbe kutoka kwa namba ya shoga yake: "Nimekutumia tarakimu sita kwa makosa, tafadhali nirudishie." Akazirudisha bila ya shaka yoyote. Kumbe shoga yake alikuwa amekwisha kuibiwa namba, na zile tarakimu zilikuwa ufunguo wa akaunti ya mama mdogo mwenyewe. Haikupita saa moja, dada yake aliyeko Unguja akapokea ujumbe kwa jina lake: "Mpe fundi shilingi laki tatu kwa namba hii, nitakurejeshea kesho." Kwa kuwa nyumba inajengwa kweli, na fundi yupo kweli, dada alitoa fedha alizoziweka kwa karo ya watoto. Fedha hazikupatikana tena. Lakini hasara iliyomuuma mama mdogo zaidi ni kuwa hadi leo dada yake akipata ujumbe wake, husita kwanza.

Basi tufanye nini? Yako mambo manne, na kila moja halihitaji elimu kubwa.

Kwanza, ruhusu simu na kompyuta zijisasishe zenyewe, hasa usiku zikiwa kwenye chaji. Mwenye kompyuta ya Windows 10 na ajue kuwa msaada wa kawaida wa programu hiyo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Amwombe kijana wa nyumbani amtazamie hali ya mashine yake.

Pili, tarakimu zinazokuja kwa ujumbe hazipewi mtu, awe ndugu, rafiki au mwenye kudai kuwa ni wa benki. Kadhalika, WhatsApp ina kufuli la pili, yaani namba ya siri unayoichagua mwenyewe. Fungua mipangilio uiweke leo.

Tatu, neno la siri la barua pepe lisifanane na jingine lolote. Mwenye kuishika barua pepe yako anaweza kuyabadili maneno ya siri ya akaunti zako nyingine, kwani mengi hurekebishwa kupitia hapo.

Nne, anayeomba fedha kwa maandishi apigiwe simu kwa namba mliyoijua zamani. Na kwa kuwa siku hizi kompyuta huweza kuiga hata sauti ya mtu, afadhali kila ukoo uwe na swali lake ambalo jibu lake halijapata kuandikwa popote: kwa mfano, jina la mbuzi wa babu. Mwizi hupenda kutuharakisha, na haraka haraka haina baraka.

Ndugu wasomaji, sisi tulio mbali, simu ndiyo ukumbi wetu na kwetu. Humo tunasalimiana, tunaposana, tunazikana na kupelekeana riziki. Jioni moja ya wiki hii, baada ya chakula, ketini pamoja, wakubwa kwa wadogo, kila mtu na simu yake mkononi, mzibe nyufa. Kisha wapigieni wazee walioko nyumbani, mkubaliane nao hilo swali la ukoo.

Wabillahi tawfiq.