Mpango wa kijiji usigeuke orodha ya maombi

Kijiji kinapokaa kupanga maendeleo yake, hutajwa zahanati, shule, maji na barabara. Orodha hiyo ikifika wilayani hukuta orodha za vijiji vingine vyote zinasubiri fungu lile lile.

Mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikusudia kuondoa hali hiyo. Wawezeshaji kutoka wilayani hukaa na wanaume, wanawake na vijana, wakachora ramani ya kijiji na kalenda ya msimu, wakataja kwanza fursa zilizopo, ndipo vikwazo. Hata hivyo, mara nyingi kazi iliishia kwenye orodha ndefu kuliko bajeti, na baadaye mfumo ulirekebishwa ili kuzipa uzito zaidi juhudi za wananchi wenyewe.

Kalenda ya msimu ndiyo yenye fedha, ingawa wapo wanaoiona kama mchezo wa kuchora. Huonyesha mwezi ambao mahindi yamejaa na bei imeshuka, mwezi ambao njia haipitiki, na mwezi ambao watu wana nafasi ya kujitolea. Chukua mfano wa kijiji kinachouza magunia 3,000 kwa mwaka, ambako wenye magari hutoza Sh1,000 zaidi kwa gunia kwa sababu kalavati moja limevunjika. Kijiji hicho kinapoteza Sh3 milioni kila mwaka. Hesabu hiyo ikiandikwa kwenye mpango, pamoja na mawe, mchanga na nguvu kazi vitakavyotolewa na wanakijiji, mhandisi wa TARURA ana cha kujadili. "Tunaomba barabara" haimpi kitu.

Gumu zaidi ni ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano huo ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, nao ndio hupitisha mpango wa matumizi ya ardhi: malisho yaishie wapi, mifugo ipite wapi kwenda mtoni, gulio liwe wapi. Muuza nyanya aliyekuwa mnadani siku hiyo anaweza kukuta meza yake imepangiwa mahali pasipopita mtu.

Kwa hiyo mkutano usiitishwe siku ya gulio, wala wakati wa palizi. Muhtasari wenye mahudhurio, sahihi na tarehe ubaki ofisi ya kijiji na nakala ibandikwe ubaoni, maana mwenyekiti hubadilika baada ya uchaguzi, na anayemrithi huenda akadai hajui lolote.