Kampuni Nne Kati ya Mia

Mwaka 2018 Profesa Hendrik Bessembinder wa Chuo Kikuu cha Arizona State alichapisha utafiti uliowashangaza hata wazoefu wa masoko. Alipitia karibu hisa 26,000 zilizowahi kuuzwa katika masoko makubwa ya Marekani kuanzia 1926 hadi 2016, akauliza kuhusu kila moja: aliyeinunua akakaa nayo alipata zaidi ya aliyeikopesha serikali kwa dhamana za muda mfupi?

Kwa hisa nyingi, jibu ni hapana. Kama asilimia 42 tu ndizo zilizozishinda dhamana. Hata hivyo soko zima lilitajirisha watu kwa takriban dola trilioni 35 zaidi ya dhamana. Faida yote hiyo ililetwa na kampuni 4 katika kila 100. Zilizobaki, kwa jumla yao, zilitoka sare na dhamana.

Hesabu yake ni hii. Hisa ya laki moja ikifa, umepoteza laki moja, basi. Ikipanda mara 50, una milioni 5. Chache zinazopaa huvuta wastani juu na kuziacha nyingi chini yake. Ukichagua kampuni tano, uwezekano mkubwa ni kwamba hizo chache zitakupita.

Kuzitambua mapema ni kazi ngumu. Mwaka 2008 hisa za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Zikashuka chini ya bei hiyo na waliokata tamaa wakauza. Mwaka 2021 zilivuka shilingi 40. Mumias Sugar, iliyoingia soko la Nairobi 2001 ikiwa na jina kubwa, ilikuwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya wadai, kufikia 2019.

John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard aliacha kubahatisha. Mwaka 1976 alifungua mfuko wa fahirisi kwa wananchi wa kawaida, unaonunua kampuni zote za fahirisi ya S&P 500, yaani orodha ya kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, kila moja kwa uzito wake sokoni. Alitarajia dola milioni 150, akapata milioni 11.3 na kejeli juu. Lakini mfuko usiolipa wachambuzi wa kuchagua hisa hutoza ada ndogo, na ada ndiyo inayokula faida. Milioni 1 ikikua kwa asilimia 8 kwa mwaka hufikia milioni 10 baada ya miaka 30. Ada ikimega asilimia 2, inaishia milioni 5.7.

Mfuko wa fahirisi haukingi anguko la soko: mwaka 2008 S&P 500 ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake. Fedha ya karo ya mwakani isiwekwe huko. Kwa fedha ya uzeeni, kabla ya kununua kipande cha mfuko wowote, uliza mawili: una kampuni ngapi, na ada yake ni asilimia ngapi kwa mwaka?