Kuchora Grafu kwa Kuandika Amri

Wanafunzi wetu wengi wanaoandika tasnifu wamepanga Kyebando, na huko huko ndiko wanakochapishia kazi zao. Mwanafunzi humpa mhudumu wa kompyuta takwimu zake, naye humchorea grafu. Ikiwa na dosari, analipa tena. Wasiwasi wetu hauko kwenye shilingi pekee. Siku ya utetezi mtahini akiuliza mstari huu umepatikanaje, mwenye kazi hana jibu, maana hakuuchora yeye.

Kwa sababu hiyo tunapenda kuwajulisha wasomaji programu iitwayo gnuplot. Ilianzishwa mwaka 1986 na Thomas Williams na Colin Kelley, na hutolewa bure. Ni nyepesi hata kwa kompyuta kuukuu, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Badala ya kubofya vitufe, unaiandikia amri mstari kwa mstari. Mwalimu wa lugha asiogope: amri ni sentensi zenye sarufi kali kidogo, basi.

Tuchukue sensa za Uganda. Kwa programu ya maandishi matupu, kama Notepad, andika mwaka na idadi ya watu kwa mamilioni, ukiacha nafasi katikati:

1969 9.5
1980 12.6
1991 16.7
2002 24.2
2014 34.6
2024 45.9

Hifadhi faili kwa jina sensa.txt. Kisha fungua gnuplot uandike:

set xlabel "Mwaka"
set ylabel "Watu (milioni)"
set yrange [0:50]
unset key
plot "sensa.txt" using 1:2 with linespoints

Programu ikilalamika kwamba haioni faili, mara nyingi ni kwa sababu faili iko kwenye folda nyingine.

Amri mbili za kwanza hutaja mihimili, na majina hayo yawe ya Kiswahili. Tasnifu ya Kiswahili yenye grafu ya Kiingereza ni kanzu yenye kiraka cha jinzi. Ya tatu huanzisha mhimili wa wima kwenye sifuri, ili ongezeko dogo lisijifanye kubwa. Ya nne huondoa kisanduku cha maelezo, kisicho na kazi penye mstari mmoja. Maneno using 1:2 yanaagiza safu ya kwanza iwe ya mlalo na ya pili iwe ya wima.

Sasa utazame mstari wenyewe. Kati ya 2002 na 2014 watu waliongezeka kwa milioni 10.4, na kati ya 2014 na 2024 kwa milioni 11.3. Grafu ya mstari ya kawaida kwenye lahajedwali huichukua miaka kama majina tu, ikayapanga kwa nafasi sawa, na vipande hivyo viwili huinuka karibu sawa. Lakini cha kwanza ni cha miaka 12, cha pili ni cha miaka 10! Gnuplot huisoma miaka kama namba, hivyo kipande cha mwisho huonekana kikipanda kwa kasi yake halisi: takriban milioni 1.13 kwa mwaka, dhidi ya 0.87. Anayekadiria mahitaji ya walimu wa Kiswahili kwa kutazama grafu ile ya kwanza ataandika hitimisho lisilo sahihi, na takwimu zake zote ni sahihi.

Ili kupata picha ya kuingiza kwenye tasnifu, ongeza:

set terminal png
set output "sensa.png"
replot
unset output

Ukiisahau amri ya mwisho, picha huenda ikatoka pungufu. Tunashauri pia amri zote zihifadhiwe katika faili moja na kuambatishwa kwenye kiambatisho. Msimamizi akitaka sensa ya 1959 iongezwe (milioni 6.5), unaandika mstari mmoja kwenye data na kuzirudia amri zile zile.

Wenzetu wa leksikografia wana matumizi mengine. Panga maneno ya matini kuanzia linalotokea mara nyingi zaidi, nafasi katika safu ya kwanza, idadi katika ya pili. Andika reset, halafu set logscale xy, kisha uchore. Kwa mujibu wa George Zipf, utapata mstari unaoteremka ukikaribia kunyooka. Ila amua mapema kama "anasoma" na "tunasoma" ni maneno mawili au moja, kwani mstari hubadilika kulingana na uamuzi huo.