Mfalme wa Siku Tano, Vita vya Miaka 116

Utawala mfupi kuliko wote katika Ufaransa ya Zama za Kati ulikuwa wa mtoto ambaye hakuwahi hata kukaza shingo. Jean I alizaliwa katikati ya Novemba 1316, miezi mitano baada ya baba yake, Louis X, kufariki. Kwa hiyo alitoka tumboni akiwa tayari mfalme. Baada ya siku tano akafa. Hakuna mfalme mwingine wa Ufaransa aliyekibeba cheo hicho tangu pumzi ya kwanza hadi ya mwisho.

Minong'ono haikukosekana. Aliyekuwa akishikilia madaraka kwa niaba ya mtoto alikuwa ami yake, Philippe, na aliyerithi kiti ni huyo huyo Philippe. Miaka ya 1350 akazuka mfanyabiashara wa Siena aitwaye Giannino Baglioni, akidai kwamba yeye ndiye Jean, kwamba siku ile kilichozikwa ni kichanga cha yaya. Alipata watu wa kumsikiliza kabla ya kukamatwa na kuishia gerezani huko Napoli.

Kichanga kile kilimwacha dada, Jeanne, aliyekuwa na umri wa miaka minne hivi. Ami yake alimruka, na mwaka 1317 wakubwa wa ufalme wakaridhia kwamba mwanamke harithi taji la Ufaransa. Philippe V alipofariki mwaka 1322 aliacha mabinti watupu, na kanuni aliyoitumia kumnyima mpwa wake ikawanyima wanawe mwenyewe. Akaja mdogo wake, Charles IV, naye akafa Februari 1328 akimwacha mkewe mjamzito. Ufalme mzima ukangoja tumbo la malkia, na aliyezaliwa akawa msichana. Ukianza na baba yao, Philippe IV, aliyefariki Novemba 1314, Ufaransa ilizika wafalme watano ndani ya miaka isiyotimia 14. Hiyo nayo ni rekodi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyozaa zote zinazofuata.

Maana sasa walibaki wadai wawili. Philippe wa Valois alikuwa binamu wa marehemu kwa upande wa baba. Edward III wa Uingereza, kijana wa miaka 15, alikuwa mtoto wa Isabelle, dada wa marehemu. Wafaransa wakamchagua wa kwao. Edward akameza, na Juni 1329 akaenda Amiens kula kiapo mbele ya Philippe VI kwa ajili ya ardhi yake ya Guyenne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Edward alikuwa mfalme kamili kwake na mtu wa chini kwa mwenzake, hali ambayo wafalme wa Uingereza walikuwa nayo tangu Mnormani William alipoiteka nchi hiyo mwaka 1066. Mei 1337 Philippe akatangaza kuitwaa Guyenne. Mapigano yaliyoanzia hapo yalikoma Julai 1453 huko Castillon. Tunaviita Vita vya Miaka Mia, lakini hesabu yake ni 116, huku kukiwa na mapumziko marefu ya mapatano, tauni ya mwaka 1348 na hazina tupu.

Rekodi ya idadi ya waliouawa sitaitoa kwa pigano lolote. Waandishi wa zama zile walipenda namba kubwa kama wapambe wa harusi, na hata leo wanahistoria hawaafikiani ni watu wangapi waliosimama kwenye pigano la Agincourt tarehe 25 Oktoba 1415. Inayoweza kuthibitishwa ni silaha. Upinde mrefu wa Kiingereza ulihitaji mtu aliyeuzoea tangu utotoni. Pinde zilizoopolewa kutoka kwenye merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zimekadiriwa kuhitaji mvuto wa kilo 45 hadi 80 na zaidi. Mpiga mishale hodari alifyatua mishale kumi au zaidi kwa dakika. Ili wapigaji wasikosekane, mwaka 1363 Edward III aliamuru wanaume wote wenye afya wafanye mazoezi ya upinde siku za Jumapili na sikukuu, waache michezo kama mpira.

Upande wa pili walikuwapo makabaila wa Ufaransa juu ya farasi, ndani ya deraya za chuma, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kufika. Mkamia maji hayanywi. Crécy, tarehe 26 Agosti 1346, walishambulia jua likielekea kuzama, wakawakanyaga wapiga pinde wa kukodiwa wa upande wao wenyewe, wakarudia tena na tena, wakaanguka. Hapo alikufa mpiganaji wa ajabu kuliko wote wa karne ile: Jean, mfalme wa Bohemia, kipofu, aliyeomba apelekwe mbele walau apige upanga mara moja. Wenzake wakafunga hatamu za farasi wao pamoja na za farasi wake, wakaingia naye. Agincourt, miaka 69 baadaye, kosa likawa lile lile, safari hii kwenye shamba lililolimwa na kulowa mvua.

Ghali kuliko wote

Tarehe 19 Septemba 1356, karibu na Poitiers, mwana wa Edward III, anayejulikana kama Mwanamfalme Mweusi, alimkamata mfalme wa Ufaransa akiwa hai. Jean II alikuwa amepigana hadi akazingirwa, na mwanawe Philippe, mtoto wa miaka 14, akiwa ubavuni mwake. Mapatano ya Brétigny ya mwaka 1360 yaliweka bei ya kumkomboa: écu milioni 3 za dhahabu, pamoja na eneo kubwa la kusini-magharibi kukabidhiwa kwa Edward bila kiapo cha utii. Hakuna kichwa kingine kilichogharimu kiasi hicho katika ugomvi huu.

Nchi iliyokwisha porwa na kuuguzwa na tauni ilikamuliwa kodi. Binti wa mfalme, Isabelle, wa miaka kama 12, aliozwa kwa ukoo wa Visconti wa Milan uliotoa mahari ya kushibisha malipo ya awamu ya kwanza. Desemba 1360 ikatolewa sarafu mpya ya dhahabu yenye picha ya mfalme juu ya farasi, ikaitwa franc. Msomaji wa Kigali, Bujumbura, Kinshasa au Moroni anayehesabu faranga zake leo anahesabu fedha iliyopata jina lake katika mwaka wa fidia ile.

Fidia haikumalizika. Jean aliachiwa kwa kuacha rehani watu, wakiwemo wanawe. Mwaka 1363 mmoja wao, Louis wa Anjou, akatoroka akamrudia mkewe. Ahadi ni deni, na Jean II ni miongoni mwa watawala wachache waliolichukulia neno hilo kwa uzito wote: Januari 1364 alirudi London kwa hiari yake, akapokewa kwa karamu, na Aprili akafia huko, katika jumba la Savoy. Wapo wanaomwita mjinga. Mimi nampa rekodi ya heshima, ingawa wakulima waliolipa kodi ile huenda wangekuwa na neno jingine.

Mateka wa muda mrefu zaidi ni suala ambalo wengi hulikosea. Hutajwa Charles, mtawala wa Orléans, aliyeokotwa chini ya rundo la maiti Agincourt akiwa na miaka 20 na kurudi kwao mwaka 1440, miaka 25 baadaye. Kifungoni aliandika mashairi kwa Kifaransa na Kiingereza, akageuka mmoja wa washairi wakubwa wa zama zake. Lakini mdogo wake, Jean wa Angoulême, alikabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1412 akiwa kijana wa miaka 12 au 13, awe rehani ya deni la ukoo, akakaa zaidi ya miaka 30. Halafu tazama vizazi: mtoto wa Charles alikuja kuwa Louis XII, na mjukuu wa Jean akawa François I. Kiti cha Ufaransa kiliangukia uzao wa mateka.

Mdogo kuliko wote mwenye taji mbili

Henry V ndiye Mwingereza aliyelikaribia lengo kuliko yeyote. Kwa mapatano ya Troyes, Mei 1420, alitambuliwa kuwa mrithi wa Charles VI, mfalme aliyekuwa akipatwa na wazimu tangu siku ya Agosti 1392 alipowageuzia upanga watu wake msituni karibu na Le Mans. Nyakati fulani aliamini mwili wake ni wa kioo na kwamba ungevunjika akiguswa. Henry akamwoa binti wa Charles, Catherine, na kilichobaki ni mzee kufa. Mzee hakufa mapema. Henry alitangulia Agosti 1422, pengine kwa ugonjwa wa kuhara, akiwa na miaka 35. Charles akamfuata wiki saba baadaye.

Taji zote mbili zikamwangukia Henry VI, aliyekuwa hajatimiza mwaka mmoja. Ndiye mfalme pekee wa Uingereza aliyetawazwa kuwa mfalme wa Ufaransa ndani ya Ufaransa yenyewe, katika kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, tarehe 16 Desemba 1431. Mkazi mmoja wa Paris aliyeweka kumbukumbu za siku zile alilalamikia karamu yenyewe: chakula kilikuwa kimepikwa siku kadhaa kabla.

Na wakati huo taji lilikuwa limeshapoa. Miaka miwili nyuma msichana wa kijijini, Jeanne d'Arc, alikuwa ameshikilia rekodi ya mageuzi ya haraka kuliko yote. Orléans ilikuwa imezingirwa tangu Oktoba 1428. Jeanne aliingia mjini tarehe 29 Aprili 1429, na tarehe 8 Mei Waingereza walikuwa wakiondoka. Julai 17 Charles VII, mwana wa Charles VI, alitawazwa Reims, mahali ambapo Wafaransa walipatambua kuwa pa kutawazia wafalme. Jeanne alikamatwa Mei 1430, akauzwa kwa Waingereza kwa livre 10,000, akachomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431 akiwa na miaka kama 19. Mbele ya alichokifanya Jeanne, sherehe ya Paris ilikuwa mchezo wa kuigiza.

Mwisho wa vita uliamuliwa na mizinga. Castillon, mwaka 1453, mzee John Talbot aliwaongoza Waingereza moja kwa moja mbele ya mamia ya silaha za baruti zilizopangwa na Mfaransa Jean Bureau. Farasi wake alipigwa, naye akauawa.

Madogo yasiyosahaulika

Pigano dogo kuliko yote lilikuwa la watu 60. Machi 26, 1351, huko Brittany, wakuu wa ngome mbili jirani, Josselin na Ploërmel, walikubaliana kuleta watu 30 kila mmoja wapambane uwanjani kama timu. Walipochoka walipumzika, wakanywa, wakafunga vidonda, wakarudi kupigana. Upande wa Ufaransa ulishinda. Robert Bemborough, kiongozi wa upande wa Uingereza, aliuawa pamoja na wenzake kadhaa. Vita vyenyewe havikusogea hata hatua moja.

Pigano lenye jina la kuchekesha zaidi ni la Februari 12, 1429, la kugombea mikokoteni ya heringi wa chumvi waliopelekewa Waingereza waliozingira Orléans, kwa kuwa Kwaresima ilikuwa imeshaingia. Laitwa Pigano la Heringi, na walioshinda ni wenye samaki.

Ushindi wa bei nafuu kuliko wote haukumwaga damu yoyote. Mwaka 1475 Edward IV alivuka bahari na jeshi kubwa kudai taji la mababu. Louis XI hakupigana. Aliwafungulia askari wa Kiingereza mabaraza ya pombe ya Amiens, wakanywa bure hadi wakalala chini, kisha akamlipa mfalme wao écu 75,000 taslimu na nyingine 50,000 kila mwaka aende zake. Wawili hao walikutana juu ya daraja huko Picquigny, wakiongea kupitia kimia cha mbao kilichowatenganisha. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure: mwaka 1419, kwenye daraja la Montereau, mtawala wa Burgundy aliuawa katikati ya mazungumzo ya amani, na kifo hicho ndicho kilichowasukuma Waburgundy upande wa Waingereza. Louis alikuwa mchoyo wa kila kitu isipokuwa rushwa, na kwangu ndiye mshindi halisi wa ugomvi wote.

Rekodi ya ubishi ni ya Waingereza. Calais waliizingira kwa miezi 11 kabla haijaanguka Agosti 1347. Waliishikilia zaidi ya miaka 210, wakaipoteza kwa wiki moja tu, Januari 1558. Ila cheo hawakukiachia. Edward III alijiita mfalme wa Ufaransa Januari 1340 mjini Ghent, na walioketi kwenye kiti chake, isipokuwa katika vipindi vifupi vya mapatano, walijiita hivyo kwa miaka 460, wakiweka maua ya Ufaransa kwenye ngao yao. George III ndiye aliyekifuta mwaka 1801, miaka minane baada ya Wafaransa wenyewe kumkata kichwa mfalme wao.